Gari Lako Liko Wapi? Jinsi ya Kujifungia Vifaa vya Kufuatilia Magari ya Biashara

Mtu akifika sokoni Chwele alfajiri, atakuta wenzake wamekwisha amka zamani. Vitunguu, nyanya, kabeji na viazi vinashuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon; ndizi na kuku vinatoka vijiji vya karibu; na magari yanangojewa yavichukue kwenda Bungoma, Webuye, Kitale na miji ya mbali zaidi. Hapa ndipo mkulima anapopata fedha zake, na hapa ndipo anapoweza kuzipoteza. Nyanya haziwezi kungoja. Zikikaa juani kutwa, zile za chini husagika, na mnunuzi hutoa bei aipendayo yeye.

Kwa hiyo swali moja husikika kila asubuhi: "Gari liko wapi?" Mwenye mali hupiga simu, na jibu ni lile lile siku zote: "Niko hapa karibu, nafika sasa hivi." Huenda dereva yuko Kimilili kweli. Huenda bado hajatoka Kamukuywa. Huenda amekwenda kubeba mzigo wa mtu mwingine kwa mafuta ya mwenye gari. Mwenye gari hana njia ya kujua, na dereva mwaminifu naye hana njia ya kuonyesha kwamba asemayo ni kweli.

Siku hizi njia iko. Ni kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wengi wetu hukiita traka. Mwenye gari moja au magari machache aweza kukifunga mwenyewe, akiwa na subira na akifuata maagizo. Lakini wako wengi waliokifunga vibaya, wakaharibu betri, au wakagombana na madereva wao mpaka wakakitupa. Makala haya yataeleza namna ya kukifunga vizuri, na namna ya kukitumia kwa haki.

KIFAA HIKI NI KITU GANI?

Traka ni kisanduku kidogo kinachoweza kushikwa kiganjani. Ndani yake mna kipokezi cha setilaiti, kadi ya simu, na mara nyingi betri ndogo ya akiba. Kipokezi husikiliza setilaiti zinazoizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kikizisikia nne au zaidi, hupiga hesabu kikajua mahali kilipo, na mahali pa wazi kosa lake ni mita chache tu.

Setilaiti zenyewe hazilijui gari lako. Hutangaza tu saa na mahali zilipo, kama redio inavyotangaza kwa kila mwenye kusikiliza. Setilaiti ya kwanza ya mpango huu wa Marekani ilirushwa mwaka 1978 kwa kazi za jeshi. Mpango ulikamilika 1995, na mwezi wa Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kizuizi kilichowapa raia vipimo vyenye kosa kubwa. Kazi ya kukupasha habari wewe hufanywa na kadi ya simu. Hiyo hupeleka habari kwa mtandao wa simu hadi kwenye mtambo wa mwenye huduma, nawe ukaliona gari lako juu ya ramani katika simu yako.

Basi kumbuka jambo hili, kwani mengi yatafuata kutoka hapo: traka husikia kutoka juu mbinguni, lakini husema kwa njia ya simu. Ukiifunika kwa chuma haitasikia. Gari likiingia bondeni mahali pasipo mtandao, haitaweza kusema. Traka nzuri huweka kumbukumbu za njia hiyo yote na kuzipeleka mara mtandao urudipo.

Wasomaji wanaokaa kando ya barabara kuu ya Webuye, Bungoma na Malaba wamekwisha iona kazi ya namna hii. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zina mpango mmoja wa kufuatilia mizigo ipitayo kutoka nchi moja kwenda nyingine, na malori yake hufungwa kufuli zenye vifaa kama hivi. Jambo linalofanywa kwa mizigo mikubwa ya kutoka Mombasa laweza pia kufanywa kwa makreti ya nyanya.

KABLA YA KUNUNUA

Usikimbilie dukani. Chukua daftari kwanza, uandike kila gari na kazi yake. Tuseme chama cha wakulima kina lori moja, pikapu mbili na pikipiki tatu. Kila moja lina mahitaji yake.

Tazama nguvu ya umeme. Pikapu na pikipiki hutumia volti 12, na malori mengi hutumia volti 24. Traka nyingi hukubali zote mbili, lakini soma karatasi yake kwanza, usibahatishe. Ya pikipiki lazima iwe ya kuzuia maji, maana itanyeshewa na kurushiwa matope.

Uliza kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa kuwa kila chombo kinachotumia mtandao wa simu chahitaji idhini hiyo. Uliza pia gharama ya huduma kwa mwezi au kwa mwaka. Watu wengine hununua kifaa kwa bei rahisi, kisha hushangaa kuambiwa kwamba ramani inalipiwa kando.

Kama gari lina bima kubwa au lina deni, waulize wenye bima na wenye deni kabla ya kugusa waya hata mmoja. Kampuni nyingine hazikubali kifaa kilichofungwa na mwenye gari. Zataka cheti cha fundi wao. Kama gari ni jipya na bado lina dhamana, mwulize aliyekuuzia, usije ukapoteza dhamana kwa ajili ya waya tatu.

Laini ya simu isajiliwe kwa jina la mwenye gari au la chama chenyewe. Haifai kabisa kutumia laini ya kijana aliyetumwa dukani. Siku atakapokosana na chama, magari yote yatapotea kwenye ramani. Kuhusu data, hesabu ni ndogo. Traka inayopeleka habari kila nusu dakika kwa saa 10 kwa siku hupeleka ujumbe 1,200, na kila ujumbe ni mdogo sana. Kwa mwezi mzima kwa kawaida haizidi megabaiti chache. Kosa la watu wengi ni kusahau kulipia, si kulipa kingi.

ANZA MEZANI, SI GARINI

Fundi mwerevu huitayarisha traka nyumbani kwanza. Toa nambari ya siri kwenye kadi ya simu, kisha itie ndani ya traka. Peleka ujumbe mfupi wa simu kama karatasi ya kifaa inavyoagiza: ujumbe mmoja huipa njia ya intaneti ya kampuni yako ya simu, na mwingine huipa anwani ya mtambo wa mwenye huduma. Kisha badilisha nambari ya siri ya traka yenyewe. Nyingi hutoka kiwandani na nambari rahisi kama 123456 au 0000, na mwizi anazijua kama wewe.

Sahihisha na saa. Mitambo mingi huhesabu saa za dunia, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Usipoisahihisha, dereva aliyetoka saa kumi alfajiri ataandikwa kwamba ametoka saa saba usiku, akashtakiwa bure.

Kila traka ina nambari yake ya tarakimu 15. Iandike katika daftari pamoja na nambari ya gari, nambari ya laini na tarehe ya kufunga. Ukiwa na magari sita, usitegemee kichwa chako.

MAHALI PA KUIFUNGA

Mahali pazuri pana sifa tatu: pamefichika, pakavu, na juu yake hapana chuma. Katika pikapu na lori, nyuma ya plastiki ya dashibodi panafaa. Upande wa traka unaopaswa kutazama juu utazame juu. Usiweke karibu na bomba la joto, wala pedali, wala mpini wa usukani, mahali ambapo waya zaweza kukwama. Katika pikipiki, chini ya kiti au chini ya plastiki ya ubavuni panafaa, mbali na injini na ekzosi.

Usiifunge mahali ambapo mtu yeyote akifungua mlango ataiona. Lakini usiifiche mno hata wewe mwenyewe ukashindwa kuifikia siku ya kuitengeneza.

KUUNGANISHA WAYA

Vyombo vinavyohitajiwa ni bisibisi, spana ya betri, mita ya kupimia umeme, plaisi, tepu ya umeme, vifungo vya plastiki, na fyuzi ndogo ya kadiri iliyoandikwa katika karatasi ya kifaa. Traka ya kawaida ina waya tatu za lazima. Mwekundu kwa kawaida ni wa umeme wa daima, mweusi ni wa bodi ya gari, na wa tatu ni wa kuijulisha traka kwamba ufunguo umewashwa. Rangi ya huo wa tatu hubadilika, kwa hiyo fuata karatasi, usifuate rangi.

1. Egesha gari mahali tambarare na ukaze breki ya mkono. Kwa mita, tafuta waya au mahali pa fyuzi penye umeme wakati wote, hata ufunguo ukitolewa. Kisha tafuta penye umeme wakati ufunguo umewashwa tu. Tia alama sehemu zote mbili.

2. Zima gari, toa ufunguo, ungoje dakika chache. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Mtu akianza na wa chanya, spana ikigusa bodi itatoa cheche.

3. Unganisha waya mweusi kwenye boliti ya bodi, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Traka nyingi husumbua kwa sababu ya kutu tu.

4. Unganisha waya mwekundu penye umeme wa daima, na fyuzi yake iwe karibu na pale umeme unapotoka. Usiiache fyuzi kamwe. Waya usio na fyuzi ukichubuka barabarani waweza kuchoma gari na mzigo wake.

5. Unganisha waya wa tatu penye umeme wa ufunguo.

6. Funika kila kiungo kwa tepu, funga waya kwa vifungo vya plastiki zisicheze, kisha rudisha waya wa hasi wa betri.

Usikate waya za gari kama waweza kutumia kisanduku cha fyuzi. Usiguse kamwe waya za mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, ambazo mara nyingi zina viungo vya rangi ya manjano. Wala usiguse waya za kidhibiti mwendo. Magari ya abiria na malori makubwa ya biashara yamelazimishwa kuwa na vidhibiti hivyo tangu 2004, na kazi hiyo si ya mwenye gari.

KUZIMA INJINI KUTOKA MBALI

Traka nyingine huuzwa pamoja na rilei ya kuzima injini kwa ujumbe wa simu. Wengi huipenda sana. Shauri letu ni kwamba usiifunge mwenyewe. Injini ikizimwa gari likiwa katika mwendo, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Dereva, taniboi na watu wa barabarani huwa hatarini. Tena, katika lori la zamani la dizeli, kukata umeme wa ufunguo huenda kusizime injini hata kidogo. Ukiitaka kazi hiyo, mpe fundi wa umeme wa magari mwenye ujuzi, na kwa vyovyote usizime gari linalokwenda.

BETRI YA PIKIPIKI

Hapa wengi wameumia. Traka hula umeme hata gari likilala. Tuseme inakula miliampea 30. Kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72. Betri ya lori haitajali. Lakini betri ya pikipiki yenye ampea-saa 7 itapoteza nusu ya nguvu yake kwa muda usiofika siku tano, hata ikiwa mpya. Mwenye pikipiki akienda matanga wiki moja, atarudi aikute haiwaki. Dawa yake ni kununua traka inayojua kulala ufunguo ukizimwa, na kuhakikisha kwamba ule waya wa tatu umeunganishwa vizuri, maana kwa huo ndipo nyingi hujua wakati wa kulala.

JARIBU KABLA YA KUAMINI

Endesha gari mwendo wa nusu saa, simama mara mbili, zima, kisha urudi. Linganisha ramani na safari yako. Acha gari lilale usiku kucha, na asubuhi uone kama linawaka upesi kama zamani. Funga gari moja tu kwanza, ulitazame wiki mbili, ndipo ufunge mengine. Kosa la gari moja ni somo. Kosa la magari sita ni hasara.

Usishangae gari lililoegeshwa chini ya mabati likionekana kurukaruka mita kadhaa kwenye ramani. Hilo ni kosa la kipimo, si dereva. Na gari likifika Lwakhakha au Malaba, huenda simu ikashika mtandao wa Uganda. Iulize kampuni yako ya simu mapema kama laini itafanya kazi huko na kwa gharama gani.

WAAMBIE MADEREVA KWANZA

Hili ni jambo kubwa kuliko waya zote. Mtu akigundua mwenyewe kwamba anafuatwa kwa siri, moyo wake huvunjika. Huanza kutafuta njia ya kukishinda kifaa, na dereva anayetaka kukishinda hakosi njia. Tena, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka mtu aelezwe ni habari gani zake zinazokusanywa na kwa kazi gani, na habari hizo zisitumiwe kwa jambo jingine.

Waite wote, mwenyekiti aseme waziwazi: "Ndugu zetu, tumefunga vifaa katika magari ya chama. Vinaonyesha gari liko wapi, limesimama muda gani, na mwendo wake. Twataka kuokoa mafuta na mali ya wakulima, na kuwalinda ninyi barabarani. Kazi ikiisha, maisha yenu ni yenu." Dereva akilala na pikipiki ya chama nyumbani kwake, patana naye kwamba mambo ya baada ya kazi hayatatazamwa ila chombo kikipotea. Andikeni mapatano hayo, kila mtu atie sahihi. Watu wawili tu wa chama wawe na nambari ya siri ya kutazama ramani. Si kila mwanachama na jamaa yake.

KUSOMA HABARI KWA HAKI

Tuseme nyanya zimefika Kitale saa sita mchana badala ya saa mbili asubuhi, na bei imekwisha shuka. Zamani lawama yote ingemwangukia dereva. Sasa chama chafungua kumbukumbu. Huenda wakaona gari lilipita njia ya upande na kusimama saa mbili mahali pasipo na mzigo wa chama. Hapo dereva ana la kujibu. Lakini huenda wakaona gari lilifika shambani saa kumi na moja alfajiri kama ilivyoagizwa, likangoja hapo saa tatu, kwa sababu nyanya zilikuwa bado hazijachumwa. Hapo mwenye kosa ni mkulima, na pengine ni yule yule aliyepiga kelele kuliko wote.

Ndiyo maana twasema traka haina upendeleo. Asiyekuwa tayari kusikia kosa lake mwenyewe asiinunue.

Tazama na mafuta. Pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita, ikizunguka kilomita 15 zisizo za kazi kila siku, kwa siku 26 za mwezi ni kilomita 390, yaani lita 39. Zidisha kwa bei ya mafuta ya siku hiyo, ndipo ujue kama traka inajilipia yenyewe. Kila Jumamosi keti na madereva nusu saa, mpitie safari za wiki: njia ipi ilikuwa na matope, shamba lipi linachelewesha, gari lipi linakula mafuta kupita kiasi. Kumbukumbu isiyosomwa haina faida.

GARI LIKIIBWA

Usilifuate mwenyewe. Piga simu polisi mara moja, wape nambari ya gari, rangi yake, mahali lilipoonekana mwisho na saa. Mfanye mtu mmoja akae na ramani awape polisi habari mpya. Wezi hujua kutafuta traka na kuing'oa, kwa hiyo dakika za kwanza ndizo za thamani. Na fahamu kwamba traka si kufuli. Endelea kufunga milango, kuegesha penye mlinzi na kutunza funguo.

NENO LA MWISHO

Mali bila daftari huisha bila habari, na traka ni daftari linalojiandika lenyewe. Chama kikiifunga vizuri na kuisoma kwa haki, magari hufika mapema, mafuta hupungua, na dereva mwaminifu hupata mtetezi ambaye hakuwa naye zamani. Siku mwenye mali atakapouliza, "Gari liko wapi?" na dereva akajibu, "Niko Kimilili," wote wawili watajua kwamba ni kweli. Basi anza na gari moja, na kabla ya kushika bisibisi, waite madereva wako mzungumze.